Mchuzi si nyama: namna ya kupima protini ya chungu cha nyumbani

Jumapili moja nilimkuta shangazi yangu barazani akimlisha mjukuu wake wa miaka miwili. Baada ya shikamoo nikauliza mtoto anakula nini leo. "Anakula nyama, mwanangu. Leo tumepika nyama." Nikachungulia kibakuli: ugali umelowa mchuzi mwekundu, pembeni kimfupa cha kunyonya. Nyama yenyewe ilikuwa ndani, imefunikwa na sahani, inamngoja mwenye nyumba na mgeni wake.

Shangazi hakudanganya. Wengi wetu ndivyo tunavyohesabu: ikipikwa nyama, nyumba nzima imekula nyama, yakipikwa maharage, wote wamekula maharage. Lakini protini haigawanywi kwa harufu. Imo ndani ya kipande, ndani ya punje, ndani ya dagaa mwenyewe. Mchuzi unabeba chumvi, mafuta na ladha, na protini kidogo sana.

Basi tuhesabu kwa gramu, kuanzia dukani mpaka kwenye kijiko cha mtoto. Unahitaji kalamu, mizani ya muuza duka, na ujasiri kidogo wakati wa kupakua.

Kwanza ujue unahesabu nini

Misuli, ngozi, nywele, damu, hata kinga ya kupigana na maradhi, vyote vinajengwa kwa protini. Ukiila, tumbo huivunja kuwa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyoiunda. Ziko 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima ziingie kwa mdomo. Mafuta mwili huyaweka akiba kiunoni. Protini haina ghala la namna hiyo. Nyama uliyoshiba sikukuu ya Idi haitakulisha Jumatano ya wiki inayofuata. Ndiyo maana kidogo cha kila siku kinazidi kingi cha mara moja kwa mwezi.

Kuna jambo linasahaulika hapa. Mwili ukikosa chakula cha kutia nguvu, huichoma protini kama kuni. Ni kama seremala aliyeishiwa mkaa akatia mbao za kitanda jikoni: chakula kitaiva, kitanda hakitakuwepo. Kwa hiyo usimpunguzie mtoto ugali au mafuta ukidhani unampa nafasi ya maharage. Anahitaji vyote viwili.

Hatua ya 1: andika mahitaji ya kila mtu

Mtu mzima mwenye afya anahitaji gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Chukua uzito, zidisha kwa 0.8, basi. Mwenye kilo 70 anahitaji gramu 56.

Wengine hesabu yao inabadilika. Mama anayenyonyesha aongezewe karibu gramu 20 katika miezi sita ya mwanzo. Mjamzito, miezi mitatu ya mwisho, aongezewe kati ya 25 na 30. Mzee aliyevuka miaka 65 apewe angalau gramu 1 kwa kila kilo, maana mwili wake unaitumia protini kwa uvivu kuliko zamani na misuli inayeyuka. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anatosheka na gramu 13 hivi. Ndiyo, 13 tu. Ukiitazama namba hiyo utaona kumkosesha ni suala la mgao zaidi kuliko umaskini.

Tuchukue nyumba moja ya mfano. Baba ana kilo 70: gramu 56. Mama ana kilo 60 na ananyonyesha kichanga cha miezi minne: 48 na 20, jumla 68. Bibi ana kilo 55: 55. Mtoto wa miaka 10 mwenye kilo 32: karibu 30. Wa miaka miwili na nusu: 13. Kichanga kina maziwa ya mama, kimekamilika. Jumla ya nyumba ni gramu 222 kwa siku.

Hatua ya 2: hesabu kilichoingia jikoni

Usihesabu sahani, hesabu mfuko uliotoka nao sokoni, kabla maji hayajaingia. Namba hizi ni za gramu 100 za chakula kikavu au kibichi, nimezikadiria ili zikae kichwani:

- maharage, kunde, choroko, mbaazi: 21 hadi 24
- soya: 36
- karanga: 25
- dagaa wakavu: 50 au zaidi
- nyama isiyo na mifupa, minofu ya samaki: karibu 20
- unga wa ngano: 10
- unga wa mahindi, mchele: 7 hadi 8
- muhogo mbichi, ndizi, viazi vitamu: 1 au 2

Yai moja lina gramu 6. Glasi ya maziwa ya mililita 250 ina 8. Nazi haimo humo kwa sababu ni mafuta, si protini, hata kama tui linafanya mboga ionekane nzito.

Sasa ile nyumba yetu inanunua sembe kilo moja (75), maharage nusu kilo (110), dagaa karibu nusu ya robo kilo, tuseme gramu 100 (50), na mayai mawili (12). Inafika 247. Lakini protini ya mimea haimeng'enywi yote, hivyo punguza moja ya tano kwenye sembe na maharage. Inabaki kama 210. Hapo sijagusa chapati za asubuhi wala maziwa ya chai, ambayo yataziba pengo bila shida.

Umeona? Nyumba ya watu watano wanaokula, na mmoja anayenyonya, imefikia mahitaji bila kipande cha nyama. Robo kilo ya nyama ambayo tungejibana kuinunua ingeleta gramu 50, ikiwa mwenye bucha hakutupimia mfupa. Maharage ya nusu kilo, hata baada ya kupunguza, yanaleta 88. Siipingi nyama. Ina madini ya chuma na vitamini B12 ambayo maharage hayana au hayatoi vizuri. Ninachosema ni kwamba anayesubiri pesa ya nyama ndipo familia ipate protini anasubiri bure, na duka la maharage liko jirani.

Hatua ya 3: simama penye upawa

Hapa ndipo hesabu nzuri inapoharibika. Chungu kinaweza kuwa na gramu 220, bado mtoto wa miaka miwili na nusu akalala na gramu 5.

Jaribu usiku wa leo. Kabla hujapakua, chota upawa mmoja wa maharage juu juu, kama unavyomchotea mtoto, uumwage kwenye chujio dogo la chai. Hesabu punje zilizobaki. Mara nyingi ni kumi na kitu. Kilichopita ni maji yenye rangi. Halafu chota kutoka chini, acha mchuzi urudi chunguni, upime nusu kikombe cha punje tupu. Hiyo ndiyo gramu 7 au 8. Huyu mtoto akila nusu kikombe hicho mchana na yai moja jioni, siku yake imekamilika.

Mpango ninaoutumia mimi ni kupakua kinyume. Kwanza kibakuli cha mdogo kabisa: vipande au punje, zipondwe kwa mwiko, maganda yatolewe akiwa chini ya mwaka. Kisha mama anayenyonyesha au mjamzito. Kisha bibi. Wakubwa wenye meno na mikono mirefu wanakuja mwisho, na mchuzi wa kutosha kuteremshia ugali. Mwanzoni kutakuwa na minong'ono mezani. Siku ile kwa shangazi nilifanya kitu kidogo tu, niliomba kisu, nikachukua vipande viwili vya nyama nikavikatakata vidogo kama punje za mchele, nikachanganya na ule ugali. Shangazi akacheka, "Meno hana huyo!" Mtoto alivimaliza vyote.

Sinia la pamoja ni zuri kwa udugu, ila kwa mtoto wa chini ya miaka mitano ni shindano analoshindwa kila siku. Mkono wake ni mfupi na anatafuna polepole. Mpe kibakuli chake.

Neno moja kuhusu supu ya mifupa na makongoro, kwa kuwa nalisikia sana: inapasha mwili na inatia hamu. Lakini ile inayoganda ikipoa ni gelatini, protini isiyo na triptofani, moja ya zile asidi amino 9. Mgonjwa aliyelala wiki nzima kwa supu tupu hajala vya kutosha. Mtilie yai, au nyama iliyosagwa.

Hatua ya 4: oanisha nafaka na mikunde

Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, mbili kati ya zile asidi amino 9. Maharage yana lisini tele, ila yamepungukiwa na methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukiviweka pamoja kila kimoja kinaziba tundu la mwenzake. Waliobuni makande hawakuwa na maabara, lakini walikipata. Vivyo hivyo wali na choroko, chapati na dengu, na mbaazi za nazi kwa mahamri kule pwani asubuhi. Si lazima vikutane kwenye sahani moja. Vikiingia siku moja inatosha.

Shida kubwa iko kwenye nyumba zinazoishi kwa muhogo, ndizi au viazi. Ugali wa mahindi wenyewe unachangia robo au theluthi ya protini ya siku bila kuombwa. Ugali wa muhogo hauchangii karibu chochote. Kwa hiyo anayekula bada au matoke aongeze mboga ya protini mara moja na nusu hivi kuliko anayekula sembe. Wa Kigoma wanaosindikiza ugali wa muhogo kwa dagaa wamelielewa hilo zamani. Anayeusindikiza kwa kisamvu peke yake, siku baada ya siku, yuko hatarini. Kisamvu kitiwe karanga zilizotwangwa, nyingi, si za kupamba.

Hatua ya 5: pika ili mwili uipate

Maharage yaloweke usiku, saa tano au zaidi. Maji ya kulowekea yamwage. Wengine wanaona wanamwaga virutubisho. Unachomwaga zaidi ni vitu vinavyoleta gesi. Kisha yachemke kwelikweli, yarukeruke, kwa dakika 30 kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu hasa yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na moto mdogo wa jiko la mkaa lililofifia hauiui. Ukitumia chungu cha umeme cha kupikia polepole, yachemshe kwanza kwenye sufuria.

Kuokoa mkaa, pika kilo nzima Jumamosi, gawa kwenye makopo, yaliyozidi ya siku mbili tatu yagandishe. Bila jokofu, pika ya siku moja.

Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, pamoja na ile ya vyakula vingine. Lazima ichemshwe nusu saa au ikaangwe mpaka ibadilike rangi, ndipo ikasagwe. Unga wa soya mbichi unaonukia majani haufai.

Dagaa chagua waliokaushwa kwenye chanja, si mchangani. Weka wachache kiganjani, sugua: ukisikia mchanga, umelipia mchanga. Osha kwa maji vuguvugu mara mbili, kausha, kaanga bila mafuta. Vichwa usitupe vyote, mna kalisi. Kwa mtoto, saga dagaa walioiva wawe unga laini, kijiko kimoja cha chakula kwenye uji au mboga yake. Harufu inapungua ukiikamulia ndimu.

Mayai yapikwe yaive. Yai bichi tumbo hulitumia vibaya, na linaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Na yale maneno kwamba mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa hana nywele, tuwaachie waliotangulia. Yai ni mboga iliyopimwa tayari.

Hatua ya 6: uji wa mtoto, bila mbwembwe

Mpaka miezi sita ni ziwa tu. Baada ya hapo uji unaingia, na hapa ndipo unga wa lishe umetuchanganya. Niliwahi kuuziwa pakiti iliyoandikwa vitu tisa: mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, maharage. Nilidhani nimenunua dhahabu. Ukweli ni kwamba nafaka sita ni nafaka moja iliyojirudia. Zote zimepungukiwa na lisini ileile. Kila punje inataka muda wake wa kuiva, karanga zilizosagwa zinachacha ndani ya wiki chache, na mtoto akipata upele hujui umlaumu nani.

Tengeneza hivi: nafaka moja, mkunde mmoja. Sehemu saba za ulezi au mahindi, sehemu tatu za soya iliyokaangwa au maharage yaliyochemshwa yakakaushwa, kwa uzito. Saga kidogo kidogo, ya wiki mbili au tatu. Pika mpaka uji ushike kijiko; unaomiminika kama chai umejaza tumbo maji. Ukikaribia kushuka jikoni tia kijiko cha karanga za kusaga, au yai lililopigwa ukalikoroga likaive, au maziwa.

Karanga zichambue moja moja kwa mchana. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, usimpe hata kuku. Sumukuvu haiondoki kwa kupika wala kukaanga. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, na mwaka 2016 Dodoma na Manyara nako kulitokea vifo. Mahindi yanayoenda kwa mtoto yachambuliwe vilevile.

Wenye hesabu yao peke yao

Mgonjwa wa figo asifuate namba zangu. Asiyeanza kusafishwa damu mara nyingi huambiwa apunguze protini, anayesafishwa huambiwa aongeze, na anayejua kiasi ni daktari wake.

Bibi asiye na meno usimhesabie nyama ya kuchoma. Choroko zilizopondeka, mtindi, samaki, mayai. Na zigawe kwenye milo mitatu. Chai na kitumbua asubuhi kisha protini yote usiku haimfai.

Vijana wa gym: anayenyanyua vyuma kwa bidii anahitaji kati ya gramu 1.2 na 2 kwa kila kilo, na chakula kinafikisha. Kijiko kimoja cha ule unga wa kopo huleta gramu 20 na kidogo, yaani mayai matatu au manne. Piga hesabu ya bei mwenyewe.

Lini uache jiko ukimbilie zahanati

Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto waliovimba miguu, nywele zikapauka, ngozi ikabanduka. Jina alilotumia, kwashiorkor, alilichukua kwa Waga, wenyeji wa huko: ugonjwa unaompata mtoto aliyepokonywa ziwa mdogo wake anapozaliwa. Sisi tunauita unyafuzi, au kwashakoo. Mtazame tena yule wa miaka miwili na nusu katika nyumba yetu ya mfano, mwenye mdogo wa miezi minne. Ndiye.

Kosa letu ni kumsifia. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, tunasema kanenepa. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa nyayo zote mbili, si chini, hesabu mpaka tatu, achia. Shimo likibaki pande zote mbili, hayo ni maji, nenda leo. Nenda pia akiwa amepoa, hataki kucheza wala kula, au tepe ya kupimia mkono ikisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, ile sehemu nyekundu.

Usijaribu kumtibu nyumbani kwa mayai matano na lita ya maziwa. Mwili wake hauwezi kubeba mzigo huo kwa siku za mwanzo. Hospitalini huanza na maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye protini isiyofika gramu 1 katika kila mililita 100, pamoja na dawa za maambukizi, na huongezewa taratibu hamu ikirudi. Wazazi wengine huona watoto wao wanapewa maziwa mepesi wakafikiri wanabaniwa; hawabaniwi.

Chukua kadi ya kliniki. Mweleze muuguzi mtoto aliacha ziwa lini, ameharisha au kuugua surua karibuni au la, na jana alikula nini hasa. Ukisema maharage, sema kama ni punje au mchuzi.